Nyumba Kugawanywa Si Kuharibiwa

Kuna aina ya makala imenichosha. Mnaifahamu. Mwandishi anashuka kwenye boti Unguja, anapita Forodhani, anajichimbia vichochoroni hadi Shangani, anafika nyumba ya Tippu Tip. Anapiga picha mlango wa nakshi. Anapiga picha ngazi za marumaru. Kisha anainua macho, anakuta kanga zimeanikwa dirishani na mtoto anachungulia. Basi, hapo huzuni inaanza. Zinafuata aya tatu za kuomboleza: jumba la fahari limekatwa vipande, familia zimejibanza, uzuri umepotea. Wakaaji wa humo wanatajwa kama mtu anavyotaja mchwa. Mwishoni anashauri watu watolewe, nyumba ikarabatiwe, iwe makumbusho au hoteli "yenye hadhi yake".

Majuzi makala ya namna hiyo ilizungushwa tena kwenye kundi letu la wasomaji, na watu ninaowaheshimu kwa usomaji wao wakaipigia makofi. Nikaandika neno moja tu: sikubaliani. Nikaambiwa nitoe hoja, nisikae kulalamika. Haya.

Naandika nikiwa Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Najua swali linalokuja: mtu wa Kishapu, huku kwenye pamba na vumbi, ana nini na nyumba za mawe za Unguja? Nina kitu. Pembe zilizomlipa fundi wa mlango ule hazikuelea kwenye maji. Zilibebwa mabegani. Njia kuu ya misafara ilikuwa inapita Unyanyembe, Tabora ya leo, na wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi, pamoja na jamaa zao Wasukuma. Baba yake Tippu Tip alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hiyo mtu akiniambia ile ni nyumba ya Tippu Tip peke yake, nami namwuliza: mzigo ulibebwa na nani? Tusifiche pia kwamba mali ya mtu huyu haikutoka kwenye pembe tu. Ilitoka kwa watu waliofungwa minyororo. Mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja ulitiwa saini 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria visiwani 1897. Hamed bin Muhammed el Murjebi alifariki 1905, mjini, kwao. Alikuwa mtu wa zama za Malkia Victoria karibu mwaka kwa mwaka.

Sisi wapenzi wa vitabu tuna sababu ya ziada ya kumjua. Ametuachia Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wanayahesabu kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Nimeyasoma mara mbili. Ni kitabu cha safari, vita, madeni na pembe. Mtu anayekwenda Shangani kutafuta "roho ya mwandishi" ukutani, kama watu wanavyokwenda kuona meza ya Dickens, anatafuta kitu ambacho mwandishi mwenyewe hakukipa kurasa nyingi. Aliyoyaweka katika maandishi ni njia.

Lakini tuzungumze majengo, maana waombolezaji wanadai wanalia kwa ajili ya usanifu.

Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Kuta ni nene, zaidi ya nusu mita. Dari inashikiliwa na boriti, yaani miti ya mikoko, na hapo ndipo siri yote ilipo: boriti ya kutegemewa haizidi sana mita tatu. Kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti. Kinaweza kuwa kirefu unavyotaka, lakini upana ameshaupanga mkoko. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu, vimepangwa kuzunguka ua. Tajiri na maskini, wote mkoko uliwapimia.

Sasa fikiri. Ukiwa na chumba cha upana wa mita tatu na urefu wa mita tisa, na boriti zimelala kukatisha upana, ukikigawa kwa mbao katikati ya urefu wake hujakata boriti hata moja. Hujagusa ukuta unaobeba. Umeweka kitu ambacho kesho ukitaka unakiondoa kwa nyundo na mchana mmoja. Wataalamu wa hifadhi popote duniani wanapenda mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma, na mama wa watoto watano aliyesimamisha plaiwudi mwaka 1970 amefanya hilo bila semina.

Nilipata kuingia ndani ya nyumba ya namna hiyo mwaka 2016. Siyo ya Tippu Tip, ni nyingine, sitasema kichochoro gani. Nilikuwa nimetumwa na gazeti kuandika habari za bei ya karafuu, habari ikakwama, nikabaki na siku mbili za kuzurura. Bibi mmoja alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. We mtu wa bara?" Nikasema ndiyo, kwetu Shinyanga. "Mbali huko. Umekuja kutazama nyumba au kutununua?" Nikacheka, yeye hakucheka.

Alinikaribisha. Nyumba ilikuwa imegawanywa mbili, juu mpaka chini. Ukumbi wa mbele ulikuwa na zidaka ukutani, vile vishimo vya kuwekea vyombo vya kauri, na mstari wa kugawa ulipita katikati yake: zidaka nne huku, tatu kwa jirani. Upande wake kulikuwa na Qurani, dawa za presha, na picha ya mjukuu aliyeko Muscat. Ngazi zilikuwa za jirani, kwa hiyo yeye alipanda orofani kwa ngazi ya mbao aliyoitengenezesha mumewe uani. Bomba lilikuwa lake, kwa hiyo jirani alichota asubuhi na magharibi. Tao la mlango wa ndani lilikatwa nusu kama mkate. Nikamwuliza, na kidomo changu cha mwandishi wa habari, kama haimsikitishi kuona tao limekatwa. Akaniambia: "Mwanangu, mie nilikuja hapa na mtoto mgongoni. Tao nilikuja kuliona baadaye."

Alikuwa amepewa upande ule baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi zilipochukuliwa na serikali na kugawiwa watu waliokuwa hawana. Wenyewe walikuwa wameondoka, au wameondolewa, na hilo nalo ni jeraha, sitaki kulipaka rangi. Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Nobel 2021, aliondoka Unguja katika miaka ileile. Ukimsoma, hata ukimsoma kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis katika Peponi, unajua kwamba kila mlango uliofunguliwa kwa mmoja ulifungwa kwa mwingine. Na ukimsoma Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978, unaiona kasri hiyohiyo kwa macho ya Kijakazi, aliyeifagia lakini haikuwa yake. Wasomaji wangu, mmezisoma riwaya zote mbili. Mmelia na Kijakazi. Iweje mkifika kwenye nyumba yenyewe, ya mawe siyo ya karatasi, mnasimama upande wa Mwinyi Fuad?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na nitakaa hapo kidogo. Sisi watu wa fasihi tuna ugonjwa wa kupenda maskini akiwa ndani ya kitabu. Akitoka kitabuni na kuanika kanga kwenye dirisha la nakshi, tunaanza kuzungumza habari za "uhalisi wa jengo".

Turudi kwenye ukuta wa bibi. Jambo lililonishangaza ni kwamba upande wake ulikuwa mzima kuliko upande wa jirani, ingawa jirani alikuwa na hela zaidi. Jirani alikuwa amepiga plasta ya saruji, laini, nyeupe, ya kupendeza. Chini kulikuwa kumeanza kuvimba na kumenyeka, chumvi inatoka kama unga. Jiwe la matumbawe linanyonya unyevu kutoka ardhini. Chokaa inauacha unyevu upumue na kukauka. Saruji inaufungia ndani, ukuta unaoza kimyakimya, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza nao. Siku moja dari inashuka. Bibi hakuwa na hela ya saruji. Kila mwaka kabla ya masika alipaka chokaa, kama mama mkwe wake alivyomfundisha. Umaskini ulimlinda, ukamlindia na nyumba.

Kwa hiyo adui wa nyumba zile ni saruji isiyofaa, paa lisilozibwa, matangi ya maji ya lita elfu yaliyopandishwa juu ya boriti za miaka mia na hamsini, kuta za tofali za saruji zilizosimamishwa orofani juu ya miti miwili mitatu. Hayo yanaua. Na wanaoyafanya mara nyingi si wapangaji. Nenda uone nani anaweka bafu kwenye kila chumba orofa ya tatu. Hoteli ya "yenye hadhi yake" inahitaji bafu kumi na mbili. Bibi alikuwa na moja, uani, chini, kwenye ardhi ngumu, palepale lilipokuwa tangu mwanzo.

Nimesikia jibu: lakini nyumba iliyojaa watu inachoka haraka, iliyotunzwa na taasisi inadumu. Jamani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Jumba la Maajabu iliporomoka. Lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, nguzo za chuma, veranda pande zote, fahari ya pwani nzima. Halikuwa limegawiwa familia yoyote. Hakuna kanga iliyoanikwa pale. Lilikuwa jengo la makumbusho, limefungwa kwa ukarabati, liko ndani ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na chini ya macho ya Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoanzishwa 1985. Watu wawili walikufa. Sisemi kwamba lingekuwa na wapangaji lisingeanguka, sina ujinga huo. Nasema kwamba kuwatoa watu si matengenezo. Mtu anayelala ndani ya nyumba anasikia boriti ikilia usiku. Mlinzi wa getini hasikii.

Na hili wazo kwamba nyumba kugawanyika ni aibu, limetoka wapi? Si kwetu. Kule Lamu familia ikiozesha binti iliongeza orofa, au ikajenga wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro hadi nyumba ya pili, na nyumba moja ikawa mbili, au mbili zikawa moja, kwa kadiri ya ndoa na vifo. Mirathi ya Kiislamu nayo inagawa. Mwenye nyumba akifa, nyumba ina thumni, ina sudusi, ina sehemu ya mwana na sehemu ya binti. Ukisoma kumbukumbu za Sayyida Salme za 1886, majumba ya baba yake yana wake, masuria, watoto na watumwa, kila mmoja na pembe yake. Jumba la familia moja yenye baba, mama na watoto wawili, lililo tulivu, lenye vyumba vitupu vya kupigia picha, halijawahi kuwapo Shangani. Ni ndoto ya jarida la ndani ya ndege.

Huku kwetu bara ni hivyohivyo. Tembe ni nini? Ni nyumba ndefu ya udongo, paa bapa la miti na udongo, imezunguka ua, na ndani yake kaya zinapakana kwa ukuta mmoja. Nendeni Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Pale ndipo Stanley na Livingstone, Wavictoria wawili halisi, walipokaa pamoja tembe moja mwaka 1872, kuanzia Februari mpaka Stanley alipoondoka katikati ya Machi. Leo ni makumbusho. Inatukumbusha wageni wawili waliogawana nyumba kwa wiki chache, na tunaikuta kuwa historia. Familia mbili zilizogawana nyumba Unguja kwa miaka hamsini na zaidi tunazikuta kuwa uharibifu.

Mnaopenda mifano ya Ulaya, ninayo pia. London ina vibao vya buluu ukutani, mpango ulioanza 1866. Vingi viko kwenye nyumba za zama za Victoria au za kabla yake ambazo zimekatwa kuwa makazi ya watu mbalimbali, kengele nne mlangoni, baiskeli kwenye korido. Hakuna anayemwambia mpangaji wa orofa ya pili ahame ili kibao kipumue. Karl Marx aliishi na familia yake kwenye vyumba viwili tu vya nyumba ya Dean Street, Soho, na kibao kipo, na chini kuna mgahawa, watu wanakula. Sheria yao inambana mwenye nyumba asibadilishe madirisha ovyo, lakini haimwiti mpangaji mvamizi. Ugawaji wenyewe umeingia kwenye historia ya jengo, mtafiti anauandika: mwaka fulani ngazi ilifungwa, mwaka fulani jiko la pili likaongezwa. Kwetu mtafiti anaandika mpaka Tippu Tip alipokufa, anafunga daftari. Miaka yote iliyofuata inaitwa "hali ya sasa".

Nilisema nitazungumza kutoka Kishapu, nami sijamaliza.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, ya 1964, inayahesabu majengo kuwa kumbukumbu kwa mwaka: yaliyojengwa kabla ya 1863 yanalindwa moja kwa moja. Yaliyobaki yanasubiri Waziri ayatangaze. Sasa niambieni, nyumba gani ya Msukuma imesimama tangu kabla ya 1863? Msonge wa nyasi na miti haukujengwa uishi miaka mia na sitini. Ulijengwa uishi kizazi, uungue au uoze, ujengwe tena palepale au hatua ishirini pembeni, kwa ujuzi uleule. Kinachodumu ni ujuzi. Sheria iliyopimwa kwa mawe haiwezi kuuona. Kwa hiyo mpagazi aliyebeba pembe za mlango wa Shangani hana nyumba iliyolindwa, na hatakuwa nayo. Tukitaka kuona msonge uliotunzwa twende Bujora, Kisesa, kule Mwanza, penye makumbusho ya Wasukuma na lile banda la kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Pazuri, nimepeleka watoto wa dada yangu. Walipouliza analala nani humo, sikuwa na jibu.

Na almasi je? John Williamson aligundua mwamba wa almasi Mwadui mwaka 1940, hapahapa wilayani kwetu. Mwaka 1947 ikapatikana ile ya rangi ya waridi, karati 54.5 kabla ya kukatwa, akampa Binti Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Ipo mpaka leo, katikati ya bruchi ya umbo la ua, imehifadhiwa vizuri kabisa. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi uleule zilibomoka, tope likaingia kijiji cha Ng'wanholo, likafunika nyumba na mashamba. Fidia ilizungumzwa, nyumba mpya zikazungumzwa. Sikusoma makala hata moja ya mpenda usanifu akiuliza nyumba zile zilikuwa za namna gani, zimegawanywaje, nani alijenga ukuta upi. Hazikuwa na nakshi.

Najua nimekaza. Nilegeze panapostahili. Wapo wapangaji wanaoharibu. Wapo waliouza vipande vya milango kwa wageni, na sheria ikiwakamata sitawatetea. Wapo waliovunja ukuta unaobeba ili wapate duka. Na bibi mwenyewe aliniambia hataki wajukuu wake wabaki mle, joto, umeme unakatika, paa linavuja upande wa jirani na maji hayajui mpaka. Simfanyi malaika, na wala simsemei kwamba anapenda kubanana. Ninachopinga ni kwamba hatua ya kwanza ya kumsaidia ni kumtoa. Kwa miaka mingi anaambiwa asitumie saruji, asibadili dirisha, asiguse mlango. Sawa. Chokaa iliyoiva vizuri inauzwa wapi, na kwa bei gani? Fundi anayejua kubadilisha boriti iliyooza bila kubomoa dari analipwa na nani? Mtu anapewa orodha ya makatazo bila ndoo moja ya chokaa, na akishindwa tunaita wanahabari, mimi nikiwamo, tuje tupige picha za "uchakavu". Mwaka ule 2016 nilipiga picha hizo. Zilichapishwa. Maelezo chini yake niliyaandika mwenyewe, na yanafanana sana na makala ninayoibishia leo. Ndiyo maana naijua vizuri.

Kama kuna fedha ya kukarabati jumba liwe hoteli, ipo ya kukarabati na watu wakiwa ndani, upande mmoja mmoja, ukuta wa mbao ukihamishwa wiki mbili kisha ukirudishwa. Ni kazi ndefu, ina kelele na mabishano ya nani ahamie kwa nani. Inawezekana. Mkandarasi haipendi kwa sababu haiishi haraka, na mwekezaji haipendi kwa sababu mwisho wake wapo watu walewale.

Nimalizie nyumbani, maana mtu ataniambia napenda kuta za wenzangu.

Nyumba ninayoandikia iko karibu na Maganzo. Babu aliijenga kwa mishahara ya kuchimba: matofali ya kuchoma, bati, sebule kubwa yenye dirisha la mbao la vioo sita, kitu cha kujivunia enzi hizo. Alipofariki, baba mkubwa na baba mdogo walishindwana. Wazee walikaa siku mbili chini ya mkwaju, ikaamuliwa nyumba igawanywe. Baba mkubwa akajenga ukuta katikati ya sebule, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuliachia dirisha, ukuta ulipigwa mpaka kwenye fremu yake. Vioo vitatu kwetu, vitatu kwao. Nimekua nikisoma chini ya vioo vitatu. Tulisikia redio yao, wao walisikia ugomvi wetu. Bibi alipougua, kitanda chake kiliwekwa ukutani hapo ili pande zote mbili zimsikie akiita, na tulikuwa tunagonga ukuta kupeana zamu.

Sasa baba mkubwa hayupo, wanawe wako Kahama na Geita kwenye dhahabu, upande wao umefungwa tangu mwaka juzi. Paa lao limeanza kuachia, na maji, kama alivyosema bibi wa Unguja, hayajui mpaka. Wiki iliyopita baba mdogo aliniita uani. Akaniambia watoto wa kaka yake wako tayari kutuachia upande wao kwa bei ya kindugu, na kwamba yeye anataka tuvunje ule ukuta, sebule irudi kama ya baba yake, kabla hajafa aione mara moja tena. Alisema kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala hii. Nimemwomba anipe mpaka Jumapili.